Kabla Hujaoa Takwimu, Ulizia Ukoo Wake

Kijana wa pwani akipenda, haoi siku hiyohiyo. Kwanza hutumwa mshenga. Mshenga hukaa barazani kwa jirani wa binti, hunywa kahawa vikombe viwili vitatu, na katikati ya mazungumzo ya bei ya nazi huchomeka maswali yake: huyu binti ni wa nani? Babu yake alihamia hapa kutoka wapi? Kwao hakuna ugomvi wa mirathi? Majibu yakiridhisha ndipo barua ya posa huandikwa.

Kijana huyohuyo mpeleke chuoni, mpe kazi ya semina. Saa sita za usiku, bando limebaki la kukwangua, anakutana na takwimu mtandaoni. Takwimu imejipodoa, ina desimali mbili na alama ya asilimia. Anaioa palepale. Hajui baba yake nani, hajui ilikolelewa, hajui imeshaolewa mara ngapi. Asubuhi anampelekea mhadhiri cheti cha ndoa chenye kurasa kumi na mbili.

Nimesoma kazi nyingi za wanafunzi, na ndoa za namna hii zinaniuma. Takwimu yenyewe mara nyingine huwa ya kweli kabisa. Kinachouma ni kwamba mwanafunzi akiulizwa maneno mawili tu, "Nani kakwambia?", anatazama viatu vyake. Swali ambalo mama yake huliuliza kila siku akiletewa habari za mtaani, yeye kaliacha nyumbani siku aliyofunga begi kuja chuo.

Basi mwongozo huu ni wa kuposa. Tutachukua takwimu moja na kuiulizia ukoo mpaka kwa babu mzaa babu. Swali nililochagua ni hili: katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, walikufa watu wangapi? Nimelichagua kwa sababu waliokufa wana wajukuu na vitukuu hai, Songea, Kilwa, Liwale, Mahenge. Tena ukoo wa jibu lake umetawanyika kila mahali: mtandaoni, kwenye rafu za maktaba, kwenye mafaili ya Kijerumani, na kwenye karatasi zilizoandikwa na wanafunzi kama wewe.

Jina kwanza

Andika "Majimaji" kwenye Google, utaletewa timu ya mpira ya Songea, uwanja wake na matokeo yake. Andika "Maji Maji", utaletewa Gidi Gidi Maji Maji, vijana wawili waliotikisa Kenya mwaka 2002 kwa wimbo wao "Unbwogable". Wote ni watu wa heshima zao, ila si uliowatafuta. Umesimama katikati ya Kariakoo ukaita "Juma!", na kila Juma kageuka.

Kwa hiyo kabla hujawasha bando, chukua karatasi uandike majina yote ambayo mtu wako amewahi kuitwa. Vita hivi vimeandikwa Majimaji, Maji Maji na Maji-Maji. Waingereza wameviita "rising", "rebellion" na "war". Wajerumani waliviita "Aufstand". Kwa Kiswahili wapo wanaosema vita na wapo wanaosema uasi, na hapo tayari umeshajifunza kitu: anayesema uasi anatazama kutokea bomani, na anayesema vita anatazama kutokea vilima vya Umatumbi, mahali watu walipoanza kung'oa pamba ya serikali mwezi Julai 1905. Nchi nayo imebadili jina. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa Deutsch-Ostafrika, kisha Tanganyika, na tangu 1964 Tanzania. Ukitafuta kwa jina la "Tanzania" peke yake, umewafungia mlango waandishi wote wa miaka sitini ya mwanzo.

Hata nabii wa vita hivyo ana majina mawili. Wanahistoria humwandika Kinjikitile Ngwale. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, alimwita Kinjeketile. Herufi mbili tu, lakini ukizikosea unaingia nyumba nyingine: unatafuta mahubiri yake kijijini Ngarambe, unaletewa uchambuzi wa tamthilia. Na tamthilia, hata ikiwa bora kiasi gani, haishuhudii idadi ya maiti. Hussein mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Mwanafunzi anayemnukuu Kinjeketile wa jukwaani kana kwamba ndiye aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905 kamwoa dada kwa cheti cha mdogo wake.

Ukiwa na karatasi yako ya majina, sasa washa bando. Maneno yanayokwenda pamoja yafungie ndani ya alama za kunukuu, ili yasitenganishwe. Usilolitaka liwekee alama ya kutoa mbele yake bila kuacha nafasi: -mpira, -FC, na timu yote ya Songea itatoka uwanjani. Ukitaka nyaraka za vyuo vya Tanzania pekee, ongeza site:ac.tz, za serikali, site:go.tz, za Kenya, site:ac.ke na site:go.ke. Ni vitu vidogo hivi, na bando la saa nzima linaokoka.

Mshenga wako ana mshahara tayari

Wanafunzi wengi humwogopa mkutubi. Wanadhani kazi yake ni kulinda ukimya na kudai faini. Wanapita mbele ya meza yake wakiwa wameinamisha kichwa, wanakwenda kukaa kwenye kona yenye soketi ya umeme, na maktaba inageuka kuwa mahali pa kuchajia simu.

Mwaka 2018 ilifunguliwa maktaba mpya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China. Ina viti vya wasomaji 2,100 na nafasi ya vitabu 800,000. Jengo kubwa kiasi hicho huwezi kulizunguka kwa kubahatisha, na ndani yake wamo watu waliosomea shahada nzima ya kujua kitu gani kiko wapi. Wanajua chuo kinalipia kanzidata zipi. Wanajua tasnifu za zamani ziliko. Wanajua kitabu ambacho katalogi inasema kipo na rafu inasema hakipo. Mshenga wa namna hii mtaani ungemnunulia kitenge na kilo mbili za sukari. Huyu analipwa na chuo akungoje wewe, na wewe unampita.

Namna ya kumwendea ni hii. Anza na shikamoo. Kisha usiseme, "Naomba vitabu vya historia." Hilo ni sawa na kumwambia mshenga, "Nitafutie mwanamke." Mwambie swali lako lote: "Shikamoo, mama. Natafuta waliokadiria idadi ya watu waliokufa katika Vita vya Majimaji, na nataka kujua kila mmoja alihesabu vipi." Utaona anaweka kalamu chini. Watu waliosomea kutafuta hufurahi wakipata anayejua anachokitafuta.

Atakuelekeza kwenye katalogi, na kutoka hapo kwenye rafu. Maktaba zinazopanga kwa mfumo wa Library of Congress huweka historia ya Afrika kwenye herufi DT. Zinazopanga kwa mfumo wa Dewey huiweka Tanzania kwenye 967.8. Ukifika, usichomoe kitabu kimoja ukaondoka nacho mbio kama mtu aliyeiba mkate. Simama. Soma migongo ya vitabu kumi vilivyo kushoto na kumi vilivyo kulia. Vimewekwa pamoja kwa sababu vinazungumzia jambo moja. Majirani hawa ni ndugu. Raha hii ya kukutana na kitabu usichokijua, kwa sababu tu kimelala ubavuni mwa unachokijua, sijawahi kuipata mtandaoni, na sitaki mwanafunzi yeyote amalize chuo bila kuionja.

Ukishakaa mezani, fungua kitabu kutokea nyuma. Huko ndiko wanakoishi wazee: faharasa, marejeleo, tanbihi. Tuseme umechukua historia ya Tanganyika ya John Iliffe, iliyotolewa na Cambridge mwaka 1979, kitabu kinene ambacho hutakisoma chote kwa usiku mmoja na wala hukutakiwa. Tafuta Majimaji kwenye faharasa, nenda ukurasa husika. Hapo utakutana na makadirio ya Gilbert Gwassa: waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000. Usiandike bado. Shuka kwenye tanbihi, umuulize Iliffe, "Nani kakwambia?" Naye anakujibu bila kinyongo, kwa sababu ndivyo msomi anavyotakiwa.

Waliosoma madrasa wanaujua utaratibu huu tangu utotoni. Hadithi huja na isnadi: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Wanazuoni walimchunguza kila mtu kwenye mnyororo huo, kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, kama kweli aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia. Mnyororo ukikatika, daraja ya hadithi inashuka. Tanbihi ni isnadi ya chuoni. Mwanafunzi anayeziruka kwa sababu zimeandikwa kwa herufi ndogo kaiacha nyama kala majani ya kufungia.

Ukimfuata Gwassa unafika wapi? Unafika Mlimani. Tasnifu yake ya udaktari kuhusu kuzuka na kukua kwa Vita vya Majimaji aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na ilikaa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuchapwa kuwa kitabu nchini Ujerumani, mwaka 2005. Takwimu uliyokutana nayo mtandaoni, imevaa suti ya kigeni, ilisomea kilima hikihiki unachopanda daladala kukifikia. Ilikwenda Cambridge, ikazunguka dunia, na imerudi kwako kupitia simu kana kwamba ni mgeni.

Mababu na wajukuu

Tanbihi hukupeleka kwa mababu tu. Kitabu cha 1979 hakijui lolote lililoandikwa 1980. Ili uwapate wajukuu, ingia Google Scholar, ambayo ipo tangu 2004. Andika jina la makala au kitabu, halafu chini yake utaona maandishi madogo yanayosema "Cited by", na idadi. Yabonyeze. Hao wote ni waliokuja baadaye wakamtaja babu yako: waliomkubali, waliombishia, waliomsahihisha.

Kwa Majimaji utakutana na ukoo mkubwa. Makala ya Iliffe ya 1967 katika Journal of African History ilikuwa na wazo la vita vilivyounganishwa na imani moja ya maji ya dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika jarida hilohilo, Thaddeus Sunseri alitazama njaa, nguruwe mwitu na kazi za wanawake kule Uzaramo. Jamie Monson naye akaturudisha kwenye siasa za majirani kwa majirani huko nyanda za juu. Felicitas Becker alifuata 2004 na habari za wafanyabiashara na wakubwa wa kusini mashariki. Mwaka 2010 Monson na James Giblin wakakusanya watafiti wengine ndani ya kitabu kizima. Kwa pamoja wanatuonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na sababu zake, na hilo lina maana kwa takwimu yako: kama vita havikuwa kitu kimoja, na vifo navyo lazima viulizwe Songea mbali, Kilwa mbali.

Hapa utagonga ukuta. Umepata makala, umebonyeza, na tovuti inakudai dola thelathini. Usilipe, mwanangu. Bumu lako halikupangwa kwa kazi hiyo. Kwanza jaribu kuifungua ukiwa kwenye mtandao wa chuo, kwa sababu huenda chuo kimeshalipia. Kisha muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo. Tawi lake la afya, Hinari, lilianza 2002. JSTOR humruhusu mtu aliyejiandikisha kusoma makala kadhaa kila mwezi bila malipo. AJOL ina majarida ya Afrika tangu 1998. Na njia ambayo wanafunzi huidharau kuliko zote: mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya adabu, ukimweleza unachosoma na unachotafuta. Waandishi wengi hutuma makala yao, kwa sababu malipo ya tovuti ile hayawafikii wao, na hakuna kinachompendeza mtafiti kama kusomwa.

Wikipedia je? Isome. Wahadhiri wanaoikataza kabisa wanawafundisha wanafunzi kuisoma kwa kujificha. Ichukulie kama jirani wa barazani: anajua kila mtu anaishi wapi, lakini humleti mahakamani kutoa ushahidi. Shuka chini kwenye marejeleo yake, andika majina, muage, nenda kwa wenyewe. Habari yenye mwenyewe anayejulikana ifuatwe kwa mwenyewe. Idadi ya watu wa Tanzania katika sensa ya 2022 ni 61,741,120, na baba wa takwimu hiyo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ya Kenya katika sensa ya 2019 ni 47,564,296, na mwenyewe ni KNBS, ofisi ya takwimu ya huko. Hakuna haja ya kuinunua kwa mchuuzi wa njiani aliyeikadiria hadi milioni iliyo karibu.

Waliojipodoa

Sasa niseme juu ya matapeli, na hapa sitacheka sana, kwa sababu wanakula fedha za watu wetu.

Yapo majarida ambayo kazi yake ni kukusanya ada. Yana jina refu lenye neno "International", yana bodi ya wahariri ambao wengine hawajui kama wamo, na yanamwandikia kijana wa mwaka wa kwanza yakimwita profesa mtukufu. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, aliyatumia majarida 304 ya mtandaoni makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja. Watafiti na taasisi alizoziandika juu yake hazikuwepo duniani. Alizipa sura ya Kiafrika. Majarida 157 yaliikubali. Zaidi ya nusu! Nikiwaza wahadhiri vijana wa kwetu wanaotoa mshahara wa mwezi mzima kuchapisha humo, na kazi zao nzuri zikazikwa pamoja na takataka, moyo unanisokota.

Ukikutana na jarida usilolijua, liulizie ukoo vilevile. Limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza Lund, Sweden, mwaka 2003? Limo AJOL? Chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri, nenda tovuti ya chuo anachosemekana kufundisha, uone kama yeye mwenyewe analitaja. Dakika kumi zinatosha.

Heshima ya jarida pekee nayo haitoshi. Makala ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka kwenye The Lancet, jarida la heshima kubwa. Ilihusu watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010, baada ya miaka kumi na miwili ya wazazi kuogopa sindano, na mpaka leo wapo wanaoitaja kama vile haijafutwa. Mwanafunzi wa uuguzi anayeandika juu ya chanjo atazame kama makala yake ina alama ya kufutwa kabla hajaipeleka popote.

Halafu kuna akili unde, mashine za gumzo. Ukiziomba marejeleo zinakupa mara moja, yamenyooka: jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaelekea, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ni binti mwenye jina zuri, ukoo mzuri na picha nzuri, ambaye hajazaliwa. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na mashine. Walikuwa watu wazima wenye leseni. Kwa hiyo kila rejeo ulilopewa na mashine litafute kwenye katalogi au Google Scholar. Makala nyingi za sasa zina namba ya DOI inayoanza na 10, ipeleke doi.org uone inakufungulia mlango gani. Na hata ikifungua, isome. Zipo DOI za kweli zinazobandikwa kwenye makala nyingine kabisa.

Kwa wazee

Turudi kwenye wafu wetu, maana ukoo haujaisha.

Serikali ya kikoloni ilitoa idadi yake: Waafrika 75,000. Upande wake wenyewe ilihesabu Wazungu 15 na wapiganaji Waafrika 389. Tulia hapo, ziangalie namba hizo. Kumi na tano. Mia tatu themanini na tisa. Hizi ni namba za watu waliohesabiwa mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa upande wenye daftari. Kisha 75,000, na 250,000, na 300,000: sifuri, sifuri, sifuri. Hizi ni namba za watu ambao hakuna aliyewahesabu. Hakukuwa na sensa ya maana ya kulinganishia kabla na baada. Sifuri za mwisho zinakwambia nani alikuwa na daftari na nani alikuwa msituni akila mizizi.

Maana wengi walikufa kwa njaa. Jeshi lilichoma maghala na mashamba, likazuia watu kupanda, na njaa ikaendelea kuua hata bunduki zilipotulia. Kwa hiyo kila takwimu iulize swali la pili, baada ya "Nani kakwambia?": "Unahesabu nini?" Waliokufa kwa risasi? Waliokufa kwa njaa mwaka 1907? Makadirio ya Gwassa yanaijumuisha njaa. Watu wawili wanaweza kutofautiana kwa laki mbili bila yeyote kusema uongo, kwa sababu hawahesabu kitu kimoja.

Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kitabu chake mwenyewe, kikatoka 1909. Hakimiliki yake imekwisha zamani. Kisome ukiweza Kijerumani, au tafuta anayekiweza, lakini kumbuka unamsikiliza shahidi ambaye ndiye aliyetoa amri. Mafaili ya utawala wake yako Dar es Salaam, Idara ya Nyaraka za Taifa, na mengine Berlin, kwenye mafungu yanayoanza na R 1001, ambayo Bundesarchiv imeyaweka kwa wingi mtandaoni. Kwa upande wetu upo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo, uliochapwa mwaka 1933 na tena 1957. Ni sauti ya Kiswahili ya zama zilezile. Inasikitisha kuona kazi za Kiswahili kuhusu Majimaji zenye marejeleo ishirini ya Kiingereza na hata moja la Kiswahili hakuna.

Na kuna hazina ambayo ningekushika mkono nikakupeleka. Mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake makwao, kusini, wakazungumze na wazee waliokumbuka vita. Wengine kati ya wazee hao walikuwa wadogo mwaka 1905. Wengine walisimulia walichoambiwa na baba zao. Wanafunzi waliandika nani kasema, wapi na lini, wakarudi na karatasi zao, nazo zikakusanywa. Wengi kati ya watafiti niliowataja juu wamezitegemea. Mtandaoni utaziona zimetajwa kwenye tanbihi za watu wengine. Ili uzisome zenyewe, panda ngazi uende sehemu ya East Africana, kwenye maktaba ya Mlimani. Vitabu vya huko havitoki nje. Nenda na daftari, penseli na subira, na shikamoo yako.

Sasa unaweza kuandika. Sentensi yako haitakuwa tena "Watu 300,000 walikufa katika Vita vya Majimaji." Itakuwa hivi: serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000; Gilbert Gwassa, katika utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria 250,000 hadi 300,000, akijumuisha waliokufa kwa njaa; na watafiti wa baadaye wanaonyesha kwamba hali ilitofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine. Ni ndefu, ina tanbihi tatu, na kila tanbihi umeigusa kwa mkono wako. Mhadhiri akiuliza, utataja majina.

Ukimaliza, usirudishe zile karatasi za 1968 haraka. Chagua ushuhuda mmoja, usome mpaka mwisho, hata kama hautaingia kwenye kazi yako. Tazama pale juu palipoandikwa jina la mzee, kijiji chake na tarehe ya mazungumzo, kisha tazama jina la aliyeandika. Alikuwa mwanafunzi, wa umri kama wako.